Binadamu Hagawanyiki kwa Nne

Siku hizi ni nadra kwa wachumba wa mjini kufika madhabahuni bila kupitishwa kwenye somo la hulka nne. Mwezeshaji huandika ubaoni maneno manne: sanguini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Sanguini, anaeleza, ni mchangamfu, mwingi wa maneno na mwingi wa ahadi. Koleriki ni mtawala, mwenye hasira za karibu na malengo ya mbali. Melankoli ni mtu wa fikra, hupima kila kitu na huumia kwa jambo dogo. Flegmatiki ni mtulivu, hana ugomvi na mtu, ila kumfanya aamke atende ni kazi. Kisha kila mmoja hujaza dodoso, hujumlisha alama, hutajiwa hulka yake, na mara nyingi huambiwa pia ni hulka gani itakayomfaa kwa ndoa. Somo hilohilo limetoka makanisani likaingia redioni, kwenye vitabu vya uhamasishaji, kwenye mafunzo ya viongozi na kwenye vyumba vya usaili, ambako linakutana na ndugu yake wa kisasa, kipimo cha Myers-Briggs chenye makundi 16. Nasema waziwazi kwamba somo hili ni potofu na linatudhuru. Watu hutofautiana, tena sana, lakini hawatofautiani kwa aina. Na anayemwona mwenzake kama aina ameshaacha kumtazama.

Tuanze na asili yake, maana wanaolifundisha hujivunia kwamba lina umri wa miaka zaidi ya 2,000, kana kwamba umri ni ushahidi. Matabibu wa Ugiriki wa kale waliomfuata Hippocrates walifundisha kuwa afya ya mwili inategemea uwiano wa majimaji manne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na balghamu. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, tabibu Galen wa Pergamo aliyapanua mafundisho hayo na kuyahusisha na mwenendo wa mtu. Mwenye damu nyingi akawa mchangamfu, mwenye nyongo ya manjano akawa mkali, mwenye nyongo nyeusi akawa wa majonzi, mwenye balghamu akawa mzito. Kila jimaji lilifungamanishwa na asili moja ya ulimwengu: damu na upepo, nyongo ya manjano na moto, nyongo nyeusi na udongo, balghamu na maji. Ibn Sina aliyaingiza mafundisho hayo katika kitabu chake kikuu cha tiba alichokikamilisha mwaka 1025, na kwa njia ya elimu ya Kiislamu yakaenea hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wapo hadi leo waganga wa kitabu wanaozigawa nyota za watu kwa moto, upepo, maji na udongo, na kuhesabu majina ya wachumba ili kuona kama nyota zao zinapatana. Mhubiri anayekataza waumini wake kutazamiwa nyota, kisha akawapanga wachumba kwa hulka nne, anafundisha kwa mkono mmoja alichokikataza kwa mwingine, kwa kuwa mafundisho hayo mawili yametokana na shina moja.

Tiba yenyewe iliyazaa mafundisho haya na tiba yenyewe ikayaacha. Mwaka 1628 William Harvey alionyesha kuwa damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo, na kwa hiyo hesabu ya Galen juu ya damu haikuwa sahihi. Mwaka 1858 Rudolf Virchow alifundisha kwamba chanzo cha ugonjwa kitafutwe ndani ya seli. Nyongo nyeusi, jimaji lililopewa kazi ya kutengeneza watu wa majonzi, haikupatikana kamwe katika mwili wa binadamu. Msingi ukabomolewa, lakini ghorofa ya juu ikaachwa imening'inia hewani. Katika karne ya 20 mwanateolojia wa Kilutheri kutoka Norwe, Ole Hallesby, aliandika juu ya hulka hizo kwa ajili ya Wakristo, na mwaka 1966 mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, akatoa kitabu kilichozisambaza katika makanisa ya kiinjili duniani. Huko ndiko yalikotoka mengi tunayoyasikia leo katika semina zetu.

Naam, mtu anaweza kujibu kwamba asili mbovu haimaanishi matunda mabovu. Huenda wazee wa Ugiriki walikosea kuhusu nyongo lakini wakaona sawasawa kuhusu watu. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake halipatikani kwenye historia bali kwenye vipimo. Tukisema watu wapo wa aina mbili, wachangamfu na wakimya, tunatabiri jambo linaloweza kuchunguzwa: tukiwapima watu wengi, alama zao zijikusanye katika marundo mawili yaliyoachana, na katikati pawe na watu wachache. Vipimo vimefanywa kwa miongo mingi na havionyeshi hivyo. Alama hujaa katikati na kupungua taratibu kuelekea pande zote mbili, kama ulivyo urefu wa watu. Wapo warefu na wapo wafupi, lakini hakuna sentimita ambayo ukiivuka unageuka kuwa kiumbe wa namna nyingine, na walio wengi ni wa kimo cha kati. Robert McCrae na Paul Costa walipochunguza kipimo cha Myers-Briggs mwaka 1989 hawakuona ushahidi kwamba kinapima aina zilizotengana; walichokiona ni tofauti za kiwango, za kidogo na zaidi.

Hapo ndipo unapoonekana udhaifu ambao kila aliyejaza madodoso haya mara mbili anapaswa kuujua. Ukiuchora mstari katikati ya kundi ambalo wengi wao wako katikati, utawatenganisha watu wanaofanana na kuwaunganisha wasiofanana. Aliyezidi mstari kwa alama moja anaitwa mchangamfu, aliyepungukiwa kwa alama moja anaitwa mkimya, ingawa wawili hao wanakaribiana kuliko mmoja wao anavyokaribiana na mtu wa mwisho wa upande wake. Siku nyingine, akiwa amelala vizuri au amegombana na bosi wake, alama hiyo moja inahama na mtu huyo anapewa jina jipya. David Pittenger alipoupitia utafiti juu ya Myers-Briggs mwaka 1993 alieleza kuwa hata nusu ya waliorudia kipimo baada ya wiki tano waliweza kuangukia kundi tofauti na la mwanzo. Mwaka 1991 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilikuwa limeshatamka kwamba hakukuwa na utafiti wa kutosha na wa kiwango wa kuhalalisha matumizi yake katika kuwashauri watu juu ya kazi. Kama kipimo chenye wachapishaji, wakufunzi na miongo ya marekebisho kinayumba kiasi hicho, dodoso la karatasi moja lililodurufiwa kwa ajili ya semina ya Jumamosi lina uzito gani?

Mtetezi wa hulka nne hapo huleta ushahidi wake mkuu: "Mbona nilipoisoma hulka yangu nilijiona mwenyewe?" Ushuhuda huo husemwa kwa moyo mweupe, na sina sababu ya kumshuku anayeutoa. Lakini jibu lake lilipatikana mwaka 1948, wakati mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani alipowapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba. Baada ya wiki moja alimrudishia kila mmoja maelezo aliyosema yametokana na majibu yake binafsi, akawaomba wayapime kwa kiwango cha sifuri hadi tano, yanawalenga kiasi gani. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawafunulia kuwa wote 39 walipewa maelezo yaleyale, neno kwa neno, na kwamba aliyaokota katika kitabu cha unajimu. Sentensi zake zilikuwa za namna ambayo haimkosi mtu: kwamba unahitaji kupendwa, kwamba una vipawa hujavitumia, kwamba kwa nje unaonekana imara na ndani una wasiwasi. Majaribio ya namna hiyo yamerudiwa mara nyingi na matokeo yake ni yaleyale. Kwa hiyo mtu kujiona katika maelezo hakuthibitishi kuwa maelezo yanamtenganisha na wengine. Mpe flegmatiki ukurasa wa melankoli huku ukimwambia ndio wake, naye atajikuta humo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linastahili kujibiwa bila haraka. Kila mama mwenye watoto zaidi ya mmoja anajua kuwa hawakuzaliwa sawa: mmoja alilia usiku kucha, mwingine alinyonya akalala, mmoja alimkimbilia kila mgeni, mwingine alijificha nyuma ya kanga. Hilo ni kweli, na sayansi inalithibitisha. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha kuwa sehemu kubwa ya tofauti za haiba, kadiri ya asilimia 40 au 50, inahusiana na urithi wa damu. Madaktari Alexander Thomas na Stella Chess walianza mwaka 1956 huko New York kuwafuatilia watoto tangu uchanga wao, na waliona silika zinazojitokeza mapema. Waliwataja watoto wepesi, watoto wagumu, na watoto wanaochelewa kuzoea. Lakini waaminifu kama walivyokuwa, walieleza pia kuwa takribani asilimia 35 ya watoto hawakuingia katika kundi lolote kati ya hayo matatu. Zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu alibaki nje. Basi kukubali kuwa watu huzaliwa na tofauti si kukubali kuwa huzaliwa na aina. Wanaotutaka tukubali la pili kwa sababu tumekubali la kwanza wanaruka hatua ambayo ushahidi haukuipiga.

Wapo pia watakaosema kuwa sayansi ya karibuni imezirudisha aina nne. Ni kweli kwamba mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, wakichambua majibu ya watu zaidi ya milioni 1.5, walitangaza kuona makundi manne. Ila makundi hayo hayakuwa sanguini, koleriki, melankoli na flegmatiki. Na hayakuwa masanduku yenye kuta. Yalikuwa sehemu ambazo watu walisongamana kidogo zaidi ya ilivyotarajiwa katika uwanja ulio wazi pande zote, na wengi walikuwa nje ya misongamano hiyo. Hata uchambuzi huo ulipingwa na wanasayansi wengine muda mfupi baadaye. Na tuseme la haki kwa pande zote: hata kipimo cha sifa tano, ambacho wanasaikolojia wengi hukiamini kwa kuwa kinatoa viwango badala ya aina, hakijafaulu kila mahali. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichambua majibu ya watu 94,751 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, na wakaona kuwa maswali yaliyotungwa Magharibi mara nyingi hayakupima kilichokusudiwa, mojawapo ya sababu ikiwa mazoea ya mhojiwa kumkubalia anayemhoji. Tunaoujua ustaarabu wa kutomkatalia mgeni hatuhitaji kushawishika kwamba dodoso lililotafsiriwa linaweza kupima adabu likadhani limepima haiba.

Kasoro kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kwamba somo la hulka linauangalia moyo wa mtu na kuyafumbia macho mazingira yake. Wahenga walituonya kwamba umdhaniaye ndiye siye, na kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Maana yake mtu hajulikani mpaka aonekane katika hali mbalimbali. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walilipima jambo hilo kwa wanafunzi wa seminari ya kiteolojia huko Princeton. Walimtuma kila mwanafunzi jengo jingine kutoa hotuba, wengine hotuba yenyewe ikiwa juu ya Msamaria Mwema. Njiani walimweka mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia. Kati ya wanafunzi walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kusaidia. Kati ya walioambiwa wako sawa na ratiba, asilimia 45. Na kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Madodoso ya namna ya udini wao hayakuweza kutabiri nani atasimama na nani atapita. Kilichotabiri ni haraka. Huruma ya mtu, jambo tunalodhani limeandikwa ndani yake, ilipanda na kushuka kwa dakika chache za ratiba.

Wanaolifundisha somo hili kwa Biblia nao hawana pa kuegemea. Mwaka 1971 LaHaye alimpa Petro usanguini, Paulo ukoleriki, Musa umelankoli na Abrahamu uflegmatiki. Lakini Abrahamu huyohuyo, aliposikia mpwa wake Lutu ametekwa, alikusanya watu 318 wa nyumbani mwake na kuwashambulia wafalme usiku. Musa alimuua Mmisri, akazivunja mbao za mawe kwa ghadhabu, akaongoza taifa jangwani miaka 40, na bado Kitabu cha Hesabu kinamtaja kuwa mpole kuliko watu wote. Tuwaweke kwenye sanduku gani? Mtetezi atasema kuwa hulka ilibadilishwa na Roho. Akisema hivyo amekubali hoja yangu: kama hulka inaeleza tendo la mtu, na ikishindwa tunasema imebadilika, basi nadharia hiyo inaeleza kila kitu baada ya kutokea na haitabiri lolote kabla. Maandiko yenyewe huwahukumu watu hao kwa walichokitenda na walichokiacha.

Na watu hubadilika, hata pasipo muujiza. Brent Roberts na wenzake walipounganisha mwaka 2006 matokeo ya makundi 92 ya watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi, waliona kuwa kwa wastani watu huzidi kuwa makini, wenye kuwajibika na watulivu wa moyo kadiri wanavyokua, hasa kati ya miaka 20 na 40. Huo ndio umri ambao vijana wetu wanaoa, wanaolewa, wanaajiriwa na wanakabidhiwa uongozi. Tunawabandika majina ya kudumu katika miaka ileile ambayo wanageuka.

Madhara yake hayako mbali. Katika ndoa, hulka imekuwa hati ya msamaha. Mume anayemfokea mkewe mbele ya watoto hujieleza kuwa ni koleriki. Mke asiyetimiza alichoahidi hujieleza kuwa ni sanguini. Na aliyeumizwa huambiwa avumilie, kwa sababu mwenzake ndivyo alivyoumbwa. Kosa lililopaswa kukemewa na kurekebishwa linapewa jina la kigeni na kuachwa likae. Tena hata hoja ya kulinganisha hulka kabla ya posa haina msingi: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa takwimu za wanandoa wa Australia, Uingereza na Ujerumani ulionyesha kuwa kufanana kwa haiba za wenza kulieleza sehemu ndogo mno ya kuridhika kwao, chini ya asilimia moja. Katika ajira, kijana mkimya hunyimwa nafasi ya kuongoza kabla hajajaribiwa, ingawa wachapishaji wa Myers-Briggs wenyewe wanasema kipimo chao kisitumiwe kuchagua waajiriwa. Shuleni na nyumbani, mtoto aliyeambiwa ni flegmatiki husikia kwamba uzito ndio asili yake, naye hujifunza kuishi kwa jina hilo. Methali inayosema samaki mkunje angali mbichi ilikuwa na imani kubwa zaidi na mtoto kuliko dodoso hilo.

Limebaki pingamizi moja, na ndilo linalosemwa na watu wema zaidi: kwamba hata kama hulka nne si sayansi, zinawafungua wachumba midomo, wanaanza kuzungumza mambo ambayo wasingeyazungumza. Nakubali kwamba mazungumzo hayo yanasaidia. Lakini kinachosaidia ni mazungumzo, na mazungumzo hayahitaji uongo ili yaanze. Mshauri wa ndoa anaweza kuwauliza wachumba maswali ambayo majibu yake yanashikika: ukikasirika hufanya nini, na mara ya mwisho ulifanya nini? Mshahara ukiisha kabla ya mwezi, nani huambiwa kwanza? Mama mkwe akiugua, ataletwa wapi na nani atamhudumia? Ukikosea, umewahi kuomba radhi bila kuelekezwa? Maswali hayo yanauliza matendo, yanataja hali, na yanaacha mlango wa kubadilika. Mwajiri naye ampe mwombaji kipande cha kazi yenyewe akifanye, awaulize waliofanya naye kazi, ampe muda wa majaribio. Mwalimu aandike alichokiona mtoto akikifanya muhula huu, asiandike mtoto ni wa namna gani.

Nawaomba basi wachungaji, mashehe, washauri wa ndoa, walimu na maafisa ajira waliondoe somo la hulka nne katika ratiba zao, na wasiliweke la Myers-Briggs mahali pake. Aliyekuja kwao kutaka kumjua mchumba wake, mtumishi wake au mtoto wake amekuja na swali la kweli, na swali la kweli halijibiwi kwa kura ya masanduku manne. Na wewe msomaji, siku mtu atakapokueleza kwamba amekudhulumu kwa sababu ndiyo hulka yake, usimpokee kwa jina hilo. Mdai tendo jema, kwa maana tendo ndilo analoweza kulibadilisha.